Msingi wa Vipimo: Alama za Upimaji wa Nchi na Mipaka ya Mashamba

Mpaka wa shamba una maisha mawili. Kwanza ni mstari ulio juu ya ardhi, uonekanao kwa miti, kwa mitaro, au kwa mawe. Pili ni mstari ulio juu ya karatasi, ulioandikwa katika ramani na kutajwa katika hati. Kazi ya mpima ardhi ni kuiunganisha mistari hiyo miwili, hata mtu mwenye karatasi aweze kuufikia mstari wa ardhini bila ya kumtegemea jirani, na mtu aliyesimama shambani aweze kuuonyesha mstari wake katika ramani bila ya kubishiwa. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo huanza na kwisha pale pale kiwanjani, kwa mnyororo na vigingi. Kwa kweli nyuma ya kila kiwanja kilichopimwa sawasawa upo mfumo mkubwa zaidi, nao ni mtandao wa alama za msingi za upimaji ulioenea nchi nzima. Makala hii yaeleza jinsi mfumo huo ulivyo, jinsi ulivyojengwa katika Afrika Mashariki, na madhara yatokeayo pindi misingi miwili inapokutana juu ya ardhi moja. Aidha, kwa kuwa jambo lenyewe limekwisha ingia katika Kiswahili cha serikali, cha mahakama na cha wanakijiji, maneno yake nayo yachunguzwa.

I. Kipimo na mahali pa kuanzia

Watu wa pwani walikuwa na vipimo vyao vya urefu vilivyotokana na mwili wa binadamu: wanda, ambao ni upana wa kidole; shibiri, ambayo ni nafasi iliyoko baina ya ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikitanuliwa; mkono, uitwao pia dhiraa; na pima, ambayo ni mikono minne. Kitenzi kupima na jina pima ni jamaa wa karibu. Kadhalika neno ngwe lina maana mbili zinazofuatana: ni kamba, na pia ni kipande cha ardhi alichogawiwa mtu alime. Kipande kiliitwa kwa jina la chombo kilichokikata.

Vipimo hivyo vilitosha kabisa baina ya watu waliokuwa wakionana. Jirani wawili waliovuta kamba moja hawakuwa na haja ya kuuliza mkono uliotumika ulikuwa wa nani. Shida huanza pale ambapo kipimo hakina budi kueleweka na mtu asiyekuwapo: mnunuzi wa miaka hamsini baadaye, hakimu aliye mjini, au mhandisi anayetaka kupitisha reli. Hapo swali la kwanza ni "mkono wa nani?", nalo lilijibiwa kwa kuweka vipimo vya sheria kama vile futi na mita. Lakini swali la pili halijibiwi na mita hata kidogo, nalo ni "kuanzia wapi?" Kusema kwamba jiwe la pembeni liko mita 200 mashariki ya mbuyu ni kusema kweli, ila kweli hiyo hudumu kwa muda ule tu ambao mbuyu umesimama, na kwa wale tu wanaoujua.

Msingi wa vipimo vya nchi, ambao wataalamu huuita datamu, ni jawabu la swali hilo la pili. Ndani yake mna mapatano matatu. La kwanza ni umbo gani la dunia litakalotumika katika hesabu. La pili ni mahali gani umbo hilo limeshikamanishwa na dunia yenyewe, yaani nukta ya asili na majira yake. La tatu ni uelekeo upi utakaohesabiwa kuwa ndio kaskazini. Mapatano haya yakishawekwa, kila jiwe katika nchi laweza kupewa tarakimu zake, na tarakimu hizo zitabaki na maana hata mbuyu ukianguka na walioujua wakafa.

II. Umbo la dunia na uongo wa timazi

Yafaa kwanza kueleza kwa nini mapatano juu ya umbo la dunia ni ya lazima. Mtu apimaye kiwanja cha nyumba aweza kuihesabu ardhi kuwa ni bapa kama meza, wala hatakosa. Apimaye nchi hawezi. Katika pembetatu iliyochorwa mezani jumla ya pembe zake ni nyuzi 180 kamili; katika pembetatu iliyo juu ya uso wa dunia jumla hiyo huzidi, na ziada yake ni karibu sekunde moja ya pembe kwa kila kilomita za mraba 200. Pembetatu ya vilima vitatu vilivyoachana kilomita 50 huzidi kwa sekunde zaidi ya tano, na vyombo vya wapimaji stadi huiona ziada hiyo bila ya taabu.

Tena dunia si tufe kamili. Imebanwa kidogo katika ncha zake, hata nusu kipenyo chake katika ikweta huzidi kile cha kwenye ncha kwa kilomita 21 hivi. Juhudi ya kuujua ukubwa wake ni ya kale. Katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala Baghdad toka mwaka 813 hadi 833, wanafalaki wake walitoka katika jangwa la Sinjar wakapima kwa kamba na vigingi urefu wa digrii moja ya latitudo, huku wakitazama nyota ya kaskazini ilivyopanda au kushuka. Njia hiyo, ya kulinganisha urefu wa ardhini na pembe ya mbinguni, ndiyo iliyotumiwa hadi karne ya ishirini. Kutokana na vipimo vya namna hiyo A. R. Clarke wa Uingereza alihesabu mwaka 1880 tufe bapa lenye nusu kipenyo cha mita 6,378,249 katika ikweta, na ubapa wa sehemu moja katika 293.465. Tufe hilo la Clarke ndilo lililochukuliwa kuwa umbo la dunia katika upimaji wa sehemu kubwa ya Afrika.

Lakini tufe hilo ni la hesabu tu. Hakuna mtu awezaye kulikanyaga. Mpimaji anaposimamisha chombo chake hutumia timazi na pimamaji, navyo hutii uzito wa dunia, wala havilijui tufe la Clarke. Penye mlima mkubwa uzi wa timazi huvutwa kidogo upande wa mlima. Penye miamba mizito iliyofichika chini ya ardhi huvutwa vile vile, ingawa macho hayaoni sababu. Uso ambao timazi husimama wima juu yake kila mahali, na ambao bahari iliyotulia ingeufuata, huitwa geoidi, nao una mabonde na vilima vyake. Hivyo timazi, ambayo kwa mwashi ndiyo alama ya ukweli, kwa mpima nchi ni shahidi wa kuchunguzwa. Upotovu wa sekunde kumi tu za pembe ni mdogo mno hata mwashi hawezi kuuona. Lakini sekunde moja ya latitudo juu ya ardhi ni karibu mita 31, kwa hiyo sekunde kumi ni mita 300 na zaidi. Msingi uliowekwa kwa kutazama nyota kutoka kilima kimoja huchukua upotovu wa timazi ya kilima kile, na kuueneza katika ramani zote zitakazojengwa juu yake. Jambo hili litarejewa, kwa maana ndilo linaloeleza kwa nini tarakimu za zamani na tarakimu za setilaiti hazipatani.

III. Pembetatu kutoka Cape hadi Cairo

Kabla ya kuwako vyombo vya kupima masafa kwa mawimbi, kupima urefu wa kilomita hamsini moja kwa moja juu ya milima na misitu kulikuwa ni kazi isiyofikirika. Pembe hazikuwa hivyo. Mtu aliye juu ya kilima aweza kukiona kilima cha pili na cha tatu, na kuipima pembe iliyo baina yao kwa thiodolaiti. Basi ilitosha kupima mstari mmoja tu wa msingi, mahali pa tambarare, kwa tepu za madini ya invar ambayo hayarefuki sana kwa joto, kisha kupima pembe za pembetatu baada ya pembetatu. Urefu wa pande zote ulipatikana kwa hesabu. Kila baada ya masafa marefu mstari mwingine wa msingi ulipimwa ili kuisahihisha hesabu. Huu ndio upimaji wa pembetatu.

David Gill, aliyekuwa mwanafalaki wa serikali ya Uingereza huko Cape tangu mwaka 1879, alipendekeza mlolongo wa pembetatu utakaopita bara zima kutoka kusini hadi Cairo, ukifuata longitudo ya 30 mashariki. Makusudi yake yalikuwa mawili: kulipima umbo la dunia katika nusu ya kusini, na kuzipatia nchi zote za njiani uti wa mgongo wa ramani zao. Gill alifariki mwaka 1914 mlolongo ukiwa bado una mapengo mengi. Kipande cha Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, kilikwisha pimwa mwaka 1908 na 1909. Kipande cha magharibi ya Tanganyika kilipimwa toka mwaka 1931 hadi 1933 na kikosi cha Martin Hotine, ambaye baadaye, mwaka 1946, aliongoza idara mpya ya London iliyoundwa kwa ajili ya kuzipima nchi zilizokuwa makoloni. Pengo la mwisho lilikuwa kusini mwa Sudan, nalo lilizibwa mwaka 1954 na wapimaji wa jeshi la Marekani. Hivyo kazi iliyopendekezwa na mtu mmoja ilikamilishwa miaka arubaini baada ya kufa kwake.

Nukta ya asili ya mlolongo huo ni Buffelsfontein, karibu na mji wa Port Elizabeth huko Afrika Kusini. Hesabu za vipande vya kusini na kati zilipatanishwa pamoja katika msingi uitwao Arc 1950. Kisha mitandao ya Kenya, Uganda na Tanganyika, iliyokuwa imepimwa vipande vipande kwa nyakati mbalimbali, ilishikamanishwa na mlolongo huo na kuhesabiwa upya, na msingi uliopatikana ukaitwa Arc 1960. Maana yake ni kwamba jiwe la kiwanja cha Tanga au cha Nyeri lililopimwa katika msingi huo lahesabiwa, hatua kwa hatua na kilima kwa kilima, kutoka katika kilima kimoja cha kusini kabisa mwa bara hili.

Mtandao huo hupangwa kwa madaraja. Alama za daraja la kwanza huwa juu ya vilima virefu, zikiwa zimeachana makumi ya kilomita. Ndani ya pembetatu zake huwekwa alama za daraja la pili zilizo karibu zaidi, na ndani ya hizo tena za daraja la tatu, hata mwisho zinapatikana alama za mijini na vijijini ambazo mpima viwanja aweza kuzifikia kwa miguu. Kanuni ya kazi yote ni kutoka katika mkubwa kwenda katika mdogo, wala si kinyume chake. Anayejenga kutoka katika mdogo kwenda katika mkubwa, akiunganisha kiwanja na kiwanja na shamba na shamba, hupatwa na yale yasemwayo kwamba haba na haba hujaza kibaba: kila kiwanja huongeza kosa lake dogo, na makosa hayo hukusanyika bila ya mtu kuyaona, hata mwisho wa kijiji mashamba hukutana vibaya, moja likimpanda jirani yake au kuacha ukanda usiokuwa na mwenyewe.

IV. Kutoka katika alama ya msingi hadi jiwe la kiwanja

Mpimaji anapokwenda kupima kiwanja huanza kwa alama mbili zijulikanazo. Husimama juu ya moja na kuitazama ya pili, na kwa tendo hilo hupata mahali pake na uelekeo wake kwa pamoja. Kutoka hapo hupima pembe na masafa, kituo hadi kituo, akipitia katika kila pembe ya kiwanja, na mwisho hufunga kazi yake juu ya alama nyingine ijulikanayo. Tofauti baina ya tarakimu alizozipata na tarakimu zilizoandikwa za alama ile ya mwisho ni kosa la kufunga. Likiwa dogo, hugawanywa katika vituo vyote. Likipita kiasi kilichowekwa na kanuni, kazi hurudiwa. Yaonekana basi kwamba alama za msingi hufanya kazi mbili: humpa mpimaji mahali pa kuanzia, na tena humhukumu.

Hukumu hiyo ina thamani kubwa. Mpimaji aliyeanza na kumaliza juu ya jiwe lake mwenyewe aweza kufunga vizuri kabisa hali kiwanja chote kimegeuzwa kwa nyuzi tano, au kimewekwa mita mia mbali na mahali pake, kwa maana hana shahidi wa nje. Vipimo vyake vya ndani vitakuwa sahihi. Urefu wa pande utakuwa sahihi. Ekari zitakuwa sahihi. Ila kiwanja hakipo pale karatasi isemapo. Hii ndiyo sababu katika Tanzania ramani ya upimaji haiwi na nguvu mpaka iidhinishwe na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, ambaye hukagua si umbo la kiwanja tu bali pia jinsi kilivyounganishwa na alama za msingi.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wenye viwanja. Tarakimu za ramani huandikwa katika mfumo wa miraba, ambao huutandaza uso wa dunia uliopinda juu ya karatasi bapa. Sehemu kubwa ya Kenya na Tanzania imo katika kanda za 36 na 37 za mfumo uitwao UTM; ya kwanza ina mstari wake wa kati katika longitudo ya 33, na ya pili katika longitudo ya 39, ambao hupita karibu sana na Dar es Salaam. Ili kupunguza upotovu wa pembezoni, urefu wote katika mstari wa kati hupunguzwa kwa kuzidishwa na 0.9996. Hivyo mita 1,000 zilizopimwa kwa tepu karibu na Dar es Salaam huwa mita 999.6 katika ramani. Arusha, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, urefu hupungua tena kwa sentimita 22 katika kila kilomita, kwa sababu ya kuteremshwa hadi usawa wa bahari. Mwenye kiwanja anayepima kwa tepu na kuona tofauti hizo asidhani kwamba ameibiwa. Tofauti ni ya mfumo, nayo hesabu yake yajulikana.

V. Misingi miwili juu ya ardhi moja

Setilaiti zimeleta msingi mwingine. Chombo kipokeacho mawimbi ya setilaiti hakitazami kilima cha Buffelsfontein wala kilima chochote. Hujihesabia mahali pake kutoka katika kitovu cha uzito wa dunia, na kwa tufe jingine, ambalo nusu kipenyo chake ni mita 6,378,137 na ubapa wake ni sehemu moja katika 298.257. Kwa kuwa kitovu cha tufe la Clarke, kama lilivyoshikamanishwa na Afrika, hakipatani na kitovu cha uzito wa dunia, tarakimu za jiwe lile lile katika misingi hiyo miwili hutofautiana. Katika Afrika Mashariki tofauti hiyo ni ya mita 300 hivi katika hesabu ya kaskazini na kusini, na makumi ya mita katika hesabu ya mashariki na magharibi.

Mita 300 ni upana wa kitongoji. Mtu akichukua tarakimu za hati ya mwaka 1970, zilizohesabiwa katika Arc 1960, akaziingiza katika chombo cha setilaiti pasipo kukibadilisha, ataongozwa hadi katika shamba la mtu mwingine, na chombo kitamwambia bila ya kusita kwamba amefika. Hapo ugomvi huzaliwa ambao hauna mwongo: mwenye hati asema kweli, mwenye shamba asema kweli, na chombo nacho chasema kweli kwa msingi wake. Kilichokosekana ni kutaja msingi. Hivyo ndivyo viwanja viwezavyo kupandana katika ramani hali kila kimoja kilipimwa kwa uangalifu.

Dawa ya jambo hili si nyepesi kama inavyodhaniwa. Yawezekana kuzigeuza tarakimu za msingi mmoja ziwe za msingi mwingine kwa kuongeza na kupunguza kiasi kilichokwisha hesabiwa kwa nchi nzima. Lakini mtandao wa zamani ulipimwa kwa mikono ya watu mbalimbali, katika miaka mbalimbali, na umejikunja hapa na pale. Kiasi kimoja kwa nchi nzima huacha makosa ya mita kadhaa. Makosa hayo hayamdhuru anayechora ramani ya misitu, ila humdhuru mwenye kiwanja cha mjini chenye upana wa mita ishirini. Kwa hiyo hapana budi alama za zamani zitafutwe, zipimwe upya kwa setilaiti, na tofauti yake ijulikane mahali kwa mahali.

Nchi za Afrika Mashariki zimekwisha anza kuhama. Tanzania imeweka msingi mpya uitwao TAREF11, na Kenya wa kwake uitwao KENREF, yote miwili ikiwa imeshikamanishwa na mfumo wa dunia nzima. Vituo vya kudumu vya kupokea mawimbi ya setilaiti, kama vile kile cha Malindi na kile cha Mbarara, hufanya kazi zilizokuwa zikifanywa na nguzo za vilimani. Hata hivyo msingi wa namna hii nao una jambo lake: kwa kuwa umeshikamanishwa na dunia nzima, huona kwamba bara lenyewe lasogea kuelekea kaskazini-mashariki kwa sentimita mbili na nusu hivi kila mwaka, na kwamba upande wa mashariki wa Bonde la Ufa waachana na upande wa magharibi kwa milimita chache. Ndiyo maana msingi mpya hutajwa pamoja na mwaka wake. Tarakimu zisizo na mwaka zitakuwa, baada ya miaka arubaini, zimekosea kwa mita nzima.

VI. Usawa wa bahari

Yaliyotajwa hadi hapa ni ya mahali. Kimo kina msingi wake wa peke yake. Kimo huhesabiwa kutoka katika usawa wa kati wa bahari, ambao hupatikana kwa kuandika kupanda na kushuka kwa maji bandarini kwa muda mrefu. Katika Tanzania msingi huo ulichukuliwa Tanga, na katika Kenya Kilindini, Mombasa. Kutoka bandarini wapimaji walivipeleka vimo barani kwa kupima hatua kwa hatua kandokando ya barabara na reli.

Chombo cha setilaiti hakiijui bahari. Hutoa kimo kilichohesabiwa kutoka katika tufe, na kwa kuwa katika pwani ya Afrika Mashariki geoidi iko chini ya tufe, mtu asimamaye ufukoni Dar es Salaam na chombo kisichosahihishwa atasoma kwamba yuko zaidi ya mita 20 chini ya sifuri, hali miguu yake i mikavu. Mlima Kilimanjaro ni mfano mwingine mwema. Kimo chake kilichopimwa mwaka 1952 ni mita 5,895. Vipimo vya setilaiti vya mwaka 1999 vilitoa mita 5,892.55, na vya mwaka 2008 karibu mita 5,891.8. Tofauti hizo ni za njia za kupima na za msingi uliotumika, wala si ushahidi kwamba mlima umepungua. Kwa mjenzi wa mifereji na mabwawa hili si jambo la kupendeza wasomi tu, kwa sababu maji hufuata geoidi wala hayafuati tufe.

VII. Alama, sheria na watu

Si kila mpaka hupimwa kwa sentimita. Katika Kenya, baada ya mpango wa kilimo wa mwaka 1954 uliojulikana kwa jina la Swynnerton, mashamba mengi yaliandikishwa kwa mipaka ya jumla: mwenye shamba alipanda ua, ua ukapigwa picha kutoka katika ndege, na ramani ikachorwa kwa picha hiyo. Katika Rwanda, toka mwaka 2009 hadi 2013, vipande vya ardhi milioni 10 hivi viliandikishwa kwa wenyewe kuionyesha mipaka yao katika picha za angani. Njia hizo ni rahisi na za haraka, nazo huheshimu mipaka ambayo watu wameizoea, kama masale ya Wachagga na minyaa ya sehemu nyingi za bara. Lakini isidhaniwe kwamba zimejitenga na alama za msingi. Picha ya ndege iliyonyoshwa kwa alama hizo ni ramani. Picha isiyonyoshwa ni picha tu, na shamba lililo mteremkoni huonekana kubwa au dogo kuliko lilivyo. Ramani nyingi za mwanzo za Kenya zilichorwa juu ya picha zisizonyoshwa, na kwa ajili hiyo ekari zilizoandikwa katika daftari zimekuwa chanzo cha mabishano hata leo.

Katika Tanzania, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ziliweka njia ya kijiji kupata cheti cha ardhi yake na mwanakijiji kupata hati ya haki miliki ya kimila. Cheti cha kijiji huhitaji mipaka iliyokubaliwa na vijiji jirani. Kijiji kilichopimwa katika msingi mmoja na jirani yake katika msingi mwingine vyaweza kuwa vimekubaliana kabisa chini ya mwembe, na bado vikagombana katika ramani.

Kuna kanuni ya sheria ambayo wapimaji wote huifuata: jiwe la asili lisilosogezwa lina nguvu kuliko tarakimu zilizoandikwa. Tarakimu ni njia ya kulitafuta jiwe, na ya kulirudisha likipotea. Lakini ikiwa alama za msingi zilizo karibu nazo zimepotea, jiwe lililong'olewa halirudishiki kwa uhakika. Na alama hizo hupotea. Zimevunjwa na watengenezaji wa barabara, zimefunikwa na majengo, na nyingine zimechimbuliwa na watu waliodhani kwamba nguzo yenye chuma na maandishi haikujengwa ila kwa kuficha mali. Anayeing'oa nguzo ya kilimani huenda asijue kwamba ameng'oa kwa mkono mmoja mashahidi wa mashamba mengi asiyoyaona.

VIII. Juu ya maneno

Imebaki kutaja istilahi. Wizara ya Ardhi ya Tanzania hutumia alama za msingi za upimaji, na usemi huo ni mwema, kwa sababu neno msingi huchukua maana ya kilicho chini na maana ya kinachotangulia. Wananchi husema bikoni, na humaanisha jiwe la pembe ya kiwanja. Yafaa neno hilo liachiwe maana hiyo, wala lisitumiwe kwa nguzo za mtandao, ili mtu asidhani kwamba mawe yote yana daraja moja. Kwa tarakimu zenyewe majira ya nukta ni usemi mzuri zaidi kuliko unavyoonekana, kwa maana majira kwa mabaharia ni njia ya chombo, na nahodha aliyepotewa na majira hajui aliko hata kama maji ni matulivu.

Ugumu uko katika neno datamu. Likitafsiriwa kwa msingi peke yake, huchanganyika na alama za msingi, ingawa vitu viwili hivyo ni mbali: datamu ni mapatano, na alama ni nguzo zinazoyaleta mapatano hayo ardhini. Nguzo moja yaweza kuwa na tarakimu katika datamu mbili, na datamu moja hushikwa na nguzo maelfu. Msingi wa vipimo kwa mapatano, na alama za msingi kwa nguzo, ni istilahi mbili ziwezazo kuitenga tofauti hiyo bila ya kuvunja mazoea. Faida yake itaonekana hasa katika hati, ambamo pangeongezwa mstari mmoja tu wa kutaja msingi wa vipimo na mwaka wake. Hakimu asiyejua hesabu ataweza kuusoma mstari huo, na mkulima ataweza kuuliza kwa nini katika hati yake haumo.